Hongo na Gharama ya Kuomba Njia

Lipo neno moja katika lugha yetu ambalo historia imelichafua, nalo ni hongo. Ukilitamka leo mbele ya vijana, mara moja wanamfikiria karani anayechelewesha faili mpaka atiliwe kitu mfukoni. Lakini wazee waliotutangulia katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, walikuwa na maana nyingine. Hongo yalikuwa malipo ambayo msafara uliyatoa kwa mtemi ili upite katika nchi yake, uchote maji ya visima vyake na ununue nafaka ya watu wake. Hayakutolewa gizani. Yalitolewa mchana kweupe, mbele ya wazee, nguo zikihesabiwa doti kwa doti.

Wasafiri wa Ulaya waliopita humu karne ya 19 waliyaita unyang'anyi, na vitabu vingi vya shule vilivyofuata vikaandika vivyo hivyo. Mimi nimewafundisha historia wanachuo wa ualimu kwa miaka mingi, na kila tulipofika kwenye sura ya misafara niliwauliza swali moja kabla hawajafungua kitabu: watu mia nne wakiingia kijijini kwenu mwezi wa Septemba, visima vikiwa vimebaki tope, ungewapokeaje? Darasa lilikuwa linanyamaza kidogo. Tukadirie tu kwamba kila mtu anahitaji lita tano za kunywa na kupikia. Hizo ni lita 2,000 kwa siku moja, na kesho yake huenda ukaja msafara mwingine. Mgogo aliyechimba kisima kwa mikono alikuwa na haki ya kuuliza ni nani, wangapi, na watakaa siku ngapi.

Kwa hiyo hongo yalikuwa namna ya kuweka nafasi mapema. Msafara ulituma watu mbele, ukapiga kambi, ukapeleka nguo za kwanza, mtemi akazikataa, zikaongezwa kaniki na merikani, wazee wakakaa tena. Mazungumzo hayo yaliweza kula siku kadhaa. Yakiisha, njia ilikuwa yako: maji, soko, na amani mpaka kwenye mpaka wa mtemi anayefuata. Hapo ulianza upya, kwani Ugogo haikuwa na mtemi mmoja. Kulikuwa na Mvumi, kulikuwa na Kanyenye ya mtemi Magomba ambaye kila msafiri wa wakati ule alilijua jina lake, na wengine wengi mpaka ukingoni mwa Mgunda Mkali.

Sasa tazama hesabu yake. Mzigo wa pagazi ulikuwa karibu frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Kila mzigo wa nguo uliokusudiwa hongo ulihitaji mgongo wa mtu, na mtu huyo alihitaji posho yake ya kila siku, kibaba cha nafaka, na maji yake. Ndiyo kusema kwamba walikuwapo watu katika msafara ambao kazi yao yote ilikuwa kubeba gharama ya kuomba njia, na wao wenyewe walikunywa maji yale yale yaliyokuwa yakiombwa. Ukiwazidisha, umeongeza haja ya maji. Ukiwapunguza, hutapita. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 7. Zaidi ya miezi minne! Magonjwa na utoro wa wapagazi vilichangia, lakini siku za kukaa kambini mkisubiri jibu la mtemi nazo zimo.

Wafanyabiashara wazoefu walikwisha kugundua dawa. Henry Stanley alipofika ukingoni mwa Ugogo Mei 1871, aliungana na misafara ya Waarabu, miongoni mwao Sheikh Thani na Sheikh Hamed, wakawa watu wapatao mia nne. Sheikh Hamed akafanywa kiongozi wa wote. Badala ya kila mwenye msafara kukaa na mtemi peke yake, mazungumzo yakawa ya kundi zima. Siku ziliokolewa, na kundi kubwa lilikuwa na sauti. Lakini dawa ile ilikuwa na madhara yake, na hapa ndipo wanafunzi wangu wengi walipopenda kuruka. Kundi hutembea kwa mwendo wa mgonjwa wake. Mwenye watu ishirini wenye nguvu humngoja mwenye mia wanaoumwa ndui. Na visima ambavyo vingetosheleza vikundi vitano kwa siku tano tofauti huvamiwa vyote jioni moja. Stanley mwenyewe, alipotoka Bagamoyo, alikuwa ameugawa msafara wake katika mafungu matano. Alijua faida ya udogo; Ugogo ilimlazimisha ukubwa.

Nimekaa hapo kwa sababu hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Kuomba njia kuna bei, na kushika njia isiyotumika kuna bei vilevile. Ukitaka kupunguza ya kwanza, utaongeza ya pili.

Wapo waliodhani bei ya kwanza inaweza kufutwa kabisa kwa nguvu. Hapa Unyanyembe, mwishoni mwa miaka ya 1850, alitawala mtemi kijana aitwaye Mnywa Sere. Alitaka ushuru kwenye bidhaa za Waarabu wa Tabora. Wao wakaona ni mzigo, wakamwondoa karibu mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere hakukubali. Aliingia porini akawa anaiwinda misafara hadi alipouawa mwaka 1865. Ushuru uliokataliwa ulikuwa wa bidhaa tu. Vita iligharimu miaka mitano ya njia isiyo na usalama.

Baada yake akaja Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 msafara mmoja wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji ulifika kwake. Kwa maelezo ya Stanley, Mirambo alidai marobota matano ya nguo, bunduki tano na mapipa matano ya baruti, akavipokea, kisha akawaambia warudi walikotoka kwa maana hakuna Mwarabu atakayepita tena. Ikawa vita. Agosti mwaka ule Mirambo aliingia Tabora na sehemu ya mji ikaungua. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Stanley akalazimika kuzunguka kusini, mbali na njia ya kawaida, ili afike Ujiji kwa Livingstone. Sisemi kwamba Mirambo alikuwa mtoza ushuru mpole. Alikuwa mfalme wa vita. Nasema tu kwamba wanaolalamikia muda unaopotea kwa kuulizana njiani wajaribu kwanza kuhesabu muda unaopotea wasipoulizana.

Wajerumani walilimaliza suala la hongo kwa mizinga. Mtemi Isike alijilipua katika ghala lake la baruti Januari 1893 asishikwe. Miaka 19 baadaye, mwaka 1912, reli kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza mwaka 1928. Tabora ikawa makutano, na nani asiyejua kwamba mtoto wa Tabora hulala na kuamka kwa honi ya garimoshi!

Watemi wa njiani waliondoka, lakini kuomba njia hakukuondoka. Reli ya Kati ni njia moja; garimoshi liendalo na lirudilo hukutana kwenye pau zile zile mbili. Kwa hiyo njia imekatwa vipande, stesheni hadi stesheni, na sheria ni kwamba katika kipande kimoja kwa wakati mmoja liwe garimoshi moja tu. Stesheni masta hakumruhusu dereva mpaka amemuuliza mwenzake wa mbele kama njia ni tupu, akajibiwa, akaandika. Watu wa reli waliiita karatasi ile laini klia. Dereva asiye nayo hakutembea hata kama aliona porini kweupe mpaka upeo wa macho.

Utamaduni huu una damu ndani yake. Mwaka 1874, karibu na mji wa Norwich huko Uingereza, garimoshi mbili ziligongana uso kwa uso kwenye njia moja baada ya watu wa stesheni kutoelewana kwa simu ya telegrafu. Watu 25 walikufa. Miaka minne baadaye fundi Edward Tyer akasajili mashine yake ya vibao: kibao kimoja kikitoka kwenye mashine ya stesheni moja, umeme huzuia kingine kisitoke upande wa pili. Kuulizana kukafungwa ndani ya chuma.

Lakini mwanafunzi makini atauliza: vipande viwe vya urefu gani? Ukivifanya virefu, kilomita 40 kwa mfano, unahitaji stesheni chache, wafanyakazi wachache, maulizo machache. Ila garimoshi moja la mizigo likijikokota humo kwa saa nzima na zaidi, kilomita zote 40 zimelala kwa ajili yake, na abiria wanakaa kwenye stesheni ya nyuma wakinunua karanga. Ukivikata viwe vya kilomita kumi, garimoshi nyingi zaidi zitaweza kufuatana, lakini sasa kila moja inahitaji maulizo manne mahali pa moja, na stesheni masta wanne wasiosinzia. Hakuna urefu mmoja ulio sahihi pote. Penye garimoshi nyingi hukatwa vifupi, penye chache huachwa virefu. Ni busara ile ile ya Sheikh Hamed kule Ugogo, imevaa sare ya reli.

Hata ofisini tumeyaona haya. Katika chuo kimoja nilichofanya kazi, kila boksi la chaki lilihitaji vocha yenye saini tatu. Mhasibu alikuwa mtu mwaminifu, na kwa uaminifu wake chaki ilifika wakati mada imekwisha. Mwishowe tukaomba masurufu: fedha ya mkupuo kwa muhula mzima, hesabu irudishwe mwishoni. Saini zikapungua. Lakini idara moja ikamaliza muhula na fedha ndani ya bahasha huku idara jirani ikikosa karatasi za mitihani. Bahasha ile ni kipande cha reli cha kilomita 40.

Nimeyaleta yote haya kwa sababu ya kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye baadaye aliiacha chaki akaenda kwenye kampuni ya mawasiliano. Alinitembelea, tukakaa barazani chini ya mwembe, nami nikamuuliza kazi yake hasa ni nini. Akasema, "Mwalimu, ni kuzigawia pakiti njia." Nikamwomba afafanue kama anavyofundisha darasa la sita. Aliyonieleza, pamoja na niliyojisomea baadaye, ni haya.

Katika mtandao wa kompyuta, maneno na picha hukatwa vijifungu vidogo viitwavyo pakiti, kila kimoja kikajitafutia njia kupitia mashine ziitwazo ruta. Kwa barua hilo halina taabu. Ikichelewa sekunde mbili nani atajua? Lakini sauti ya mtu ikichelewa hata nusu sekunde, mazungumzo yanaharibika. Kwa hiyo wataalamu walifikiria kuiwekea sauti nafasi mapema. Mpango wao wa kwanza ulielezwa mwaka 1994, na Septemba 1997 ikatolewa itifaki iitwayo RSVP. Ilifanya kazi kama hongo hasa: ujumbe hutangulia kupita ruta hata ruta ukitangaza ni msafara gani unaokuja na wa ukubwa gani, na jibu hurudi kwa njia ile ile likishika nafasi kwa kila ruta. Ruta isiyo na nafasi hukataa. Tena makubaliano hayo yamekusudiwa kuchakaa yenyewe, ili msafara uliokufa njiani usishike kisima milele. Kwa hiyo lazima yafanywe upya, kwa kawaida kila baada ya sekunde 30.

Ubora wake ni wazi, na kasoro yake ni ya kihesabu. Chukua ruta ya katikati ya nchi inayopitisha simu 10,000 kwa pamoja. Kila simu ina ujumbe wa kwenda na wa kurudi, hivyo ni ujumbe 20,000 kila sekunde 30, zaidi ya 600 kwa sekunde, hata kama hakuna aliyeanza wala kumaliza kuongea. Ruta inakuwa mtemi anayepokea wajumbe usiku kucha, hana muda wa kulima. "Hapo ndipo ilipotushinda, Mwalimu," alisema.

Kwa hiyo likaja jibu la pili, Desemba 1998: msiombe kabisa katikati. Pakiti zipigwe alama mlangoni, hii ni ya sauti, hii ni ya barua, na kila ruta iwatangulize wenye alama ya juu bila kuuliza wao ni nani. Watu wa reli wanaujua utaratibu huo. Garimoshi la abiria lina daraja lake tangu Dar es Salaam, na la mizigo huingia njia ya kupishania kulisubiri, hakuna anayejadiliana. Ni rahisi na huenda haraka, ila haliahidi kitu. Siku ambayo wote ni wa daraja la kwanza, daraja la kwanza halina maana.

Jibu la tatu, lililoandikwa Septemba 2001, ni la Sheikh Hamed. Simu nyingi ziendazo upande mmoja zifungwe robota moja, na robota ndilo liombe njia. Ukiomba nafasi ya simu 50 kwa mpigo, simu 49 zinazofuata ya kwanza hazimsumbui mtu katikati ya nchi. Lakini ya 51 ikifika unaomba 50 nyingine, na 49 kati ya hizo zinalala. Na kuna mtego ndani yake: simu zikicheza kati ya 50 na 51, utakuwa unaomba na kurudisha kila dakika, gharama imerudi kwa mlango wa nyuma. Kwa sababu hiyo mafundi hukaa kidogo kabla ya kurudisha nafasi iliyobaki, kama mama asiyezima jiko mara tu mgeni mmoja anapoaga.

Robota liwe kubwa kiasi gani? Hapa nilifurahi kumkuta mzee wa zamani. A. K. Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, mwaka 1917 alichapisha kanuni ya kukadiria simu ngapi zitakosa nafasi kwa idadi fulani ya nyaya. Katika hesabu za aina yake hutoka jambo hili: ukitegemea simu 100 kwa wakati mmoja, idadi halisi huyumba kwa kumi hivi juu na chini, yaani asilimia 10; ukitegemea 10,000, huyumba kwa mia moja hivi, asilimia moja tu. Umati hutabirika kuliko mtu mmoja. Kwa hiyo penye njia kuu, ambapo maelfu hukutana, robota kubwa halipotezi sana. Vijijini, penye simu nane, robota la hamsini ni ubadhirifu.

Kwa muda mrefu kabla ya hapo tulizoea namna ya tatizo hili bila kulijua jina. Miaka ya 1970 ukitaka kuzungumza na wizara kutoka Tabora, uliomba kwa opereta, ukasubiri pengine nusu siku, kisha ukapewa dakika tatu za waya mzima peke yako. Ukikohoa, waya wote unasubiri kikohozi chako. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na Mkongo wa Taifa ukaendelea kuunganisha mikoa ya bara, na watu wakaanza kusema kwamba sasa njia ni pana, hakuna haja ya kuombana. Wanakosea kidogo. Upana umeongezeka katikati. Pembeni bado ni Ugogo.

Maana hewa kati ya mnara na simu yako ya mkononi ni kisima kidogo chenye watu wengi. Katika simu za 4G, sauti inapopita katika mtandao ule ule wa data, kila simu bado huombewa nafasi yake hapo mnarani, moja moja, kama mtemi wa Kanyenye alivyotaka. Ikishafika kwenye nyaya za njia kuu, haiombi tena. Inabeba alama ya daraja lake na kupita na umati. Mafundi wamegawa njia kwa kufuata ukame: penye uhaba wanauliza kila msafara, penye wingi wanaacha misafara ijiunge.

Wapagazi wa Kinyamwezi walilijua hilo kwa miguu. Ugogoni, penye visima na wenyewe, walikaa chini wakangoja mazungumzo yaishe. Wakifika Mgunda Mkali, ambako mwendo ulikuwa mrefu, maji ya shida na wenyeji wachache wa kuombwa, walifanya terekeza: walipika na kushiba mchana, wakajaza vibuyu, wakatembea jioni mpaka usiku, wakalala pasipo maji ili kesho yake mapema wayafikie ya upande wa pili.